Mbegu Iliyolala Mvua Mbili

Nilipokuwa mdogo kiasi cha kupita chini ya tumbo la ng'ombe bila kuinama, niliamini kwamba mbegu hulala usingizi. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha. Pale kwetu Migato alikuwa na kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga, na ndani yake mbegu za papai zilizopakwa majivu. Nilikuwa nikikiweka sikioni, na kwa kweli nilisikia kitu kama pumzi.

"Usiziamshe, mke mwenzangu," bibi alinitania. "Mbegu mbichi ina haraka, inatoka dume. Iliyolala mvua mbili imetulia, inatoka jike."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Hata wavuta bangi wanasema hivyo hivyo kuhusu mbegu zao! Mayu, umejifunza kwao?" alimuuliza mama yake, akimwita kwa Kisukuma.

"Wao ndio waliojifunza kwangu," bibi alijibu.

Kijijini kila mtu hupanda mbegu tatu au nne katika shimo moja, kisha mipapai ikichanua huacha jike na kung'oa dume. Bibi alipanda mbegu moja tu, karibu na bafu la uani, akasema mti huo ni wangu. Maji tulikuwa tukiyafukua kwenye mchanga wa mto mkavu, na baba hakupenda kuona ninaumwagia hata yale ya kuoshea vyombo.

"Ukitoka dume, naukata," alisema.

Nikaishi na neno hilo. Mchana wa kiangazi, jua likiwa limefifisha kila kitu mpaka ng'ombe wa mbali wakaonekana wanaelea, nilikaa kwenye kivuli chembamba cha mpapai wangu nikiuomba uwe jike.

Ulichanua. Maua meupe yalining'inia kwenye nyuzi ndefu, yakanukia jioni nzima. Nilifurahi, kwa sababu sikujua maana yake. Baba alijua. Asubuhi alitoka na panga.

Alimkuta bibi ameketi shinani, miguu ameinyoosha, anachambua choroko kwenye ungo.

"Mayu," baba alimwita, "huu ni dume."

"Mti umeamka vibaya tu. Ulilala sana. Upe mvua moja."

"Mpapai dume haubadiliki, Mayu."

"Na wewe ulivyochelewa kutembea, nani alikutolea panga?"

Mama yangu alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Baba akarudi ndani na panga lake.

Mvua zikaja. Mwishoni mwa nyuzi mbili au tatu yakafunga mapapai membamba, madogo kama ngumi yangu, yakiyumba kama hereni. Bibi alipasua moja, akampa baba kipande cha kwanza. Baba akala. Bibi akalichukua ganda, akapita nalo nyumba kwa nyumba akilionyesha.

Siku hizi ninaishi Bariadi. Juzi bwana shamba alikuja mtaani kwetu, nami, mwanangu akiwa mgongoni, nikamuuliza habari ya mbegu za bibi kwa sauti ndogo, nusu nimejificha nyuma ya wenzangu. Hakunicheka. Alisema umri wa mbegu haupangi dume wala jike. Mbegu ikizeeka sana, haioti tu. Na mpapai dume, mara chache, huweza kufunga matunda hali ya hewa ikibadilika. Namwamini. Mimi mwenyewe napanda nne shimo moja.

Lakini njiani kurudi nilikuwa nikimfikiria baba. Hakuamini neno hata moja la mama yake. Bibi alikuwa akienda kanisani, akienda mnadani, nami nikilala mchana kama watoto wanavyolala. Baba angeweza kuukata mpapai siku yoyote, tukakuta kisiki. Mti ule uliendelea kunywa maji yetu mwaka hadi mwaka, na matunda hayakurudi tena. Bibi alipofariki, wiki ya msiba, nilimkuta baba peke yake uani, anaumwagia maji ya kunawa, polepole, mpaka bakuli likawa tupu.