Neno la Kufumbulia Macho

Niliondoka Unguja kwa sababu ya neno moja. Tangu mama apate kiharusi, limembakia hilo tu mdomoni: "Kibe!" Kutwa analiita. Ni mchezo wao wa utotoni wa kujificha, mtafutaji hufumba macho na kuita "Kibe!", waliojificha wakamjibu. Lakini kila mtaa ulikuwa na majibu yake, na wa mtaa wao wamebaki wawili, yeye na mdogo wake Zuwena, aliyepelekwa Omani akiwa mtoto. Sisi tulimjibu "Bado", tukamjibu "Tayari". Akalia.

Nizwa, huko Omani, nilifika asubuhi. Nasra, binti wa mama mdogo Zuwena, alinipokea kwa kahawa na tende, nikamweleza kwamba mama anaita kibe.

"Wallahi dada, hiyo rahisi!" akasema.

Adhuhuri ikaletwa sahani ya kibe za mkahawani, madonge ya nyama ya kukaanga.

"Kula. Ingine utamchukulia khaloo, mama yako maskini, katamani."

Nikala mbili kwa adabu. Nilipomfahamisha kuwa ni mchezo, aliwauliza wanawe. Hawakuinua macho kwenye simu zao. Roho iliniuma.

Alasiri tukashika njia ya Ibra, anakoishi mama yake, kupitia Izki na Sinaw, vilima vikavu kila upande.

"Mama siku hizi anasahau," Nasra akanitahadharisha.

Ibra tulimkuta ukumbini, kajikunyata kwenye zulia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Salama, dada yako."

"Salama yuko chuoni, hajarudi."

Nikamwekea sauti ya mama kwenye simu. "Kibe!" Nikairudia mara tano. Akauliza huyo mwanamke ana nini. Siku mbili nzima ikawa hivyo hivyo, nikakata tamaa.

Siku ya kuondoka, nimeshavaa viatu, nikaibonyeza simu kwa bahati mbaya. "Kibe!" Mama mdogo akainuka, akajibanza nyuma ya mlango, akaita kitoto: "Nguo mbichiii!" Alipoita tena nikamrekodi, nikambusu mkono, nikakimbilia ndege. Nilifurahi kama mjinga.

Unguja, mama aliposikia "Nguo mbichi", alicheka. Kisha akainua ule mkono wake mzima, akajifunika macho, akauacha hapo hapo. Ndipo nilipofahamu. Nguo mbichi hazianuliwi. Wenzake hawajamaliza kujificha, naye kaambiwa angoje. Lipo neno la pili, la kumpa ruhusa afumbue.

Nikampigia Nasra amuulize mama yake neno hilo.

"Nimemuuliza, dada. Anasema kibe ni chakula." Akaongeza: "Mimi ndiye niliyemwambia."

Nimejaribu "Kavu", "Zimekauka", "Anua". Mama hutikisa kichwa tu, mkono uko machoni. Nilichojifunza safarini ni kwamba nilipaswa kuuliza, kabla ya kuaga, kama kuna neno jingine. Sasa hata "Kibe" haiti tena. Alibakiwa na neno moja, nami nimekwenda mpaka Omani kumnyang'anya.