Gati la Keval na Maneno Niliyoyameza

Niliwahi kuona watu zaidi ya hamsini wakiimba huku wakibomoa kitu ambacho mwenyewe alikuwa ameshakubali kukibomoa.

Wao hawakujua amekubali. Mimi nilijua. Na wimbo nilianzisha mimi.

Naitwa Walter Ombui. Mwaka wa 1996 nilikuwa na miaka ishirini na tisa, kijana aliyemaliza kidato cha nne, shati limepigwa pasi, mdomo haulali.

Kwetu ni juu ya Keroka, kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu. Setla mmoja alituachia bwawa. Wamama waliteka maji pale, ng'ombe walikunywa pale, na sisi Wasabato tulibatizia watu pale, upande ambao maji hayapiti kifua.

Halafu akaja Keval.

Alikuwa Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi Keroka, ametoka Kisumu miaka mitatu tu. Akanunua ploti kando ya maji, akaanza kujenga gati. Tulidhani ni kidaraja cha kufungia mashua ya watoto wake.

Wapi! Nguzo ziliingia majini wiki baada ya wiki. Nilihesabu mwenyewe: hatua themanini. Karibu nusu ya bwawa. Njia ya ng'ombe ikazibwa, mahali pa ubatizo pakafunikwa na mbao.

Kusema kweli, lile gati lilikuwa dharau. Hapo sijawahi kubadilisha mawazo.

Nikajitokeza. Nikaandika barua kwa D.O., mkuu wa tarafa yetu, nikazunguka boma kwa boma kukusanya sahihi na alama za vidole gumba. Ndani ya miezi mitatu wazee walikuwa wananiita "mheshimiwa." Na uchaguzi wa madiwani ulikuwa mwaka uliofuata.

Mnaona vile kichwa kilianza kuvimba.

Keval akaomba kikao.

Tulikutana Alhamisi asubuhi, palepale kando ya bwawa. Ilikuwa siku ya soko, vijana wengi walikuwa Keroka, walimu shuleni. Chifu alituma mtu kusema angechelewa. Kwa hivyo walibaki wazee, wamama na wanaume wachache wa mashambani. Mbele kabisa aliketi Gesare, bibi mkongwe kuliko wote.

Kiswahili cha Keval kilikuwa cha dukani: leta, peleka, bei ya mwisho. Maneno mazito aliyasema kwa Kiingereza. Wazee wetu nao ni Ekegusii tu.

Mkalimani nani? Mimi, niliyekuwa nikitafsiri mahubiri kila mgeni akija kanisani.

Keval alitoa karatasi, akasoma polepole kwa Kiingereza, sauti ya chini.

"Waambie nimekosea. Nimejenga kubwa kupita kiasi. Nitakata, zibaki hatua ishirini. Njia ya ng'ombe nitafungua. Mahali pa ubatizo nitawarudishia. Na nitaleta pampu, maji yapande mpaka kanisani, wamama wasiteremke tena."

Akageuza karatasi.

"Wanipe mwezi mmoja tu. Na tafadhali, Walter, mtu asipite chini ya gati, pale katikati. Nguzo za pale bado hazijakazwa."

Watu wote walikuwa wananiangalia mdomo.

Sitamsingizia shetani. Nilifikiria haraka, tena kwa akili zangu timamu. Nikitafsiri alivyosema, kesho atakuwa Keval aliyeleta maji. Na mimi? Nitarudi kuwa kijana wa barua.

Nikawageukia wazee, nikasema kwa Ekegusii:

"Anasema ploti ni yake, na maji ni yake. Anasema habomoi hata ubao mmoja."

Kelele zikapanda, mkongojo mmoja ukapigwa chini, kisha mingine.

"Wamesema nini?" Keval akaniuliza.

"Wanataka kwenda kushauriana."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, Walter." Akapanda pikapu yake, akaondoka.

Kabla vumbi lake halijatulia nilikuwa nimeanzisha wimbo.

Mashoka yakaja. Nyundo zikaja. Waliokuwa wakirudi mapema kutoka sokoni wakajiunga. Osoro, rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe, baba wa watoto wanne, akaingia majini na kamba begani. Akaelekea katikati. Chini ya mbao.

Nilimwona. Maneno yalikuwa hapa kooni: Osoro, toka hapo!

Lakini wangeniuliza nimejuaje.

Nikasita. Si muda mrefu, pumzi mbili tatu hivi.

Gati likalia, likaanguka.

Tulimtoa akiwa hai, mguu wa kulia umesagika. Na mnajua ni nani alimpeleka hospitali Kisii? Keval. Habari zilimfikia dukani, akarudi mbio, akamlaza nyuma ya pikapu. Mimi nilimshika Osoro kichwa njia nzima.

Kule hospitalini, shati lake likiwa na damu, Keval akanisogelea.

"Walter, uliwaambia yote?"

"Yote, mzee."

"Hata ile ya nguzo?"

"Hata hiyo. Hawakusikia."

Akaketi kwenye benchi, akainamisha kichwa. "Basi makosa ni yangu. Ningezungushia kamba mapema."

Mtu mzima anajilaumu kwa dhambi yangu, na mimi nimesimama pale, namwachia aibebe.

Mguu ulikatwa. Keval aliuza ploti, akauza duka, na kabla ya mwaka kuisha familia yake ilikuwa imehama. Pampu haikuja. Udiwani sikugombea. Nilisema ni ukosefu wa pesa, watu wakaamini.

Miaka mitatu niliishi hivyo. Kila asubuhi nilipishana na Nyamusi, mke wa Osoro, akipanda mlima na mtungi mgongoni. Ananisalimu vizuri, kwa heshima. Mimi natamani ardhi ipasuke initie ndani.

Mwaka wa 1999 Gesare akaugua, akaniita. Nilidhani anataka maombi.

Aliwatoa watu wote chumbani. Kisha akaniongelesha kwa Kiingereza.

Kiingereza kizima, cha zamani!

"Nilimpikia yule setla miaka kumi na mmoja," akasema, sasa kwa Ekegusii. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Siku ile nilisikia alichosema Mhindi. Nikasikia na ulichosema wewe."

"Mbona ulinyamaza, magokoro?" nikamuuliza kama mjukuu.

"Setla aliniahidi ekari mbili. Aliniahidi kwa mdomo wake, akapanda ndege. Nikaona huyu naye ni wale wale. Nikasema, heri uongo wa mtoto wetu kuliko ahadi ya mgeni."

Akakohoa muda mrefu.

"Ile ya nguzo pia niliisikia. Osoro ni mtoto wa dada yangu, Walter. Usidhani uliibeba peke yako."

Alifariki siku tatu baadaye.

Tulimzika Jumapili. Jumatatu nilienda kwa Osoro, nikamwambia kila kitu. Alikuwa akipukuchua mahindi. Hakuacha.

"Nyamusi anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Kesho akienda bwawani, mfuate. Mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kuteremka huko."

Nilimfuata. Nilimwambia tukipanda, mtungi wake nimeubeba mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauchukua mtungi, akafungua kifuniko, akayamwaga maji yote njiani.

"Rudi ukateke," akasema.

Nikarudi. Kesho yake nikarudi tena. Niliteka maji ya nyumba ile miaka kumi na miwili, mpaka bomba la serikali lilipofika. Jambo lile hatukuwahi kulizungumzia tena.

Keval nilimwandikia barua Kisumu. Ilirudi kama ilivyokwenda. Kama yuko hai, pengine bado anafikiri mguu wa Osoro ni deni lake.

Ndugu zangu, gati lilikuwa kubwa mno na tulikuwa na haki ya kulipinga. Haki hiyo ndiyo niliyojificha nyuma yake. Mtu akikuamini uwe mdomo wake, yafikishe maneno yake yote, hata yale yatakayokufanya wewe uonekane mdogo.