Seramu Niliyoichukua kwa Haraka

Siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, na bado inanitia haya. Ilikuwa miaka ile baada ya mkataba wa amani wa Sudan, watu wetu wakirudi Juba kutoka Uganda na magodoro juu ya malori. Mimi nilibaki Kampala, msichana mwenye kazi kwenye maabara ya utafiti wa saratani ya tezi dume. Nilijiona nimefika.

Mjomba Lado, ndugu wa mama, ndiye aliyenilea ukimbizini. Alikuwa ameshajenga Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, na ugonjwa huohuo ulikuwa umempata. Madaktari walimdunga sindano za kushusha homoni za kiume, kwa sababu ndizo zinazoilisha saratani hiyo. Akanipigia simu.

"Keji, kuna mzizi jirani ananipa, nakunywa na chai. Sasa mimi iko na nguvu. Hebu pima, uniambie kama ni mbaya."

Akanitumia mzizi kwa dereva wa basi. Nilitaka kumfurahisha upesi. Seli za saratani tunazikuza ndani ya kimiminika chenye virutubisho, kilichoongezwa seramu, yaani majimaji ya damu ya ndama. Kwenye friji kulikuwa na chupa ya seramu ya kawaida, tayari imefunguliwa. Nikaichukua, sikufikiri mara mbili, nikatia maji ya mzizi kwenye nusu ya seli. Seli zenye mzizi na zisizo na mzizi zikaongezeka sawasawa.

"Kunywa tu, Mjomba, haudhuru," nikamwambia. Alicheka kwa furaha, na mimi nikacheka naye.

Wiki chache baadaye mwalimu wangu Bi. Nakato, mama wa Kiganda asiyepandisha sauti, alisoma daftari langu.

"Ulitumia seramu gani?"

"Ya kawaida, Madamu."

"Ile ina homoni zake. Seli zilikuwa zimeshiba. Ungejuaje kama mzizi nao unazilisha?" Akanitazama. "Na nani ameshaambiwa?"

Nikamweleza habari za Mjomba huku nikilia. Hakunifukuza. Alinionyesha seramu iliyochujwa kwa mkaa, ambayo homoni zake nyingi zimeondolewa, na kimiminika kisicho na ile rangi nyekundu, maana hata rangi hiyo inaweza kujifanya homoni. Tukarudia jaribio mara tatu. Seli zisizo na mzizi zilidumaa. Zenye mzizi ziliongezeka.

Ningeweza kupiga simu. Lakini nilipanda basi la Juba linalopitia mpaka wa Nimule, nikashuka Gumbo. Mjomba alikuwa kivulini na birika lake.

"Mjomba, nilikosea. Mzizi ule unaweza kuulisha ugonjwa wako. Uache."

Akainuka, akaimwaga chai yote kando ya ua.

"Umekuja mwenyewe, njia yote hii?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na mimi nilidhani umefuata asida ya shangazi yako, ule ugali wake. Basi kaa, kula kwanza."

Sijui ule mzizi ulimdhuru kiasi gani. Seli za kwenye chupa si mwili wa mtu. Aliendelea na sindano, akaishi hadi akapiga kura ya uhuru wa Sudan Kusini, mimi nikimshika mkono kwenye foleni. Alifariki baadaye, na hakuwahi kunisimanga hata mara moja.

Sasa wewe unaingia maabara, mwanangu. Kabla hujamimina chochote, soma lebo, ujiulize: kile ninachokitafuta, je, kimo humu tayari? Chagua chakula cha seli kulingana na swali lako, usichague kwa sababu kiko karibu. Usimpe mgonjwa jibu ambalo hujalirudia. Na ukikosea, nenda mwenyewe ukaseme.

Mungu aitulize mikono yako, akupe mwalimu anayeuliza vizuri, na siku utakayokosea, akukutanishe na mtu wa kukwambia kaa, kula kwanza.