Matundu ya Hewa Niliyoyaziba kwa Magunia

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na tangu uliponipigia simu juzi toka Goma imenirudia upya. Nilikuwa mama kijana kule Lushebere, katika vilima vya Masisi, mutoto wangu wa kwanza mukononi, na nilikuwa ninajua kila kitu. Usicheke. Umri wako wa leo njo umri niliokuwa nao, na wewe pia unajua kila kitu.

Mutoto huyo alikuwa Neema, mama yako, anakaribia miaka miwili. Kila tulipoanza kupiga maharagwe makavu kwa fimbo uwanjani, wakati wa jua, mvua zikiisha, mafua yalimushika. Asubuhi alipiga chafya mufululizo, macho yakawa mekundu, na jioni kifua chake kilianza kulia kama birika inayotaka kuchemka. Nilimupeleka kituo cha afya, akapewa dawa, akapata nafuu. Tukirudi nyumbani, siku mbili tu, inaanza tena. Ugonjwa ukikuchezea namna hiyo, kichwa kinatafuta mutu wa kulaumu. Mimi nilimupata upesi sana: mama mukwe wangu.

Alikuwa anakaa nyumba ya pili na yetu, na kila asubuhi alimuletea mujukuu wake uji wa mutama katika bakuli la kijani. Nikajiambia, huyu mama hakunipenda tangu siku ya kwanza, sasa anamuwekea mutoto wangu karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu wa kwetu wanaiogopa kuliko radi. Nilipokea bakuli kwa mikono miwili, nikasema aksanti Mama, akishageuka naumwagia kuku. Wiki tatu nzima. Na nilikuwa nimeshaamua kwamba siku ya Mungu, tukitoka kanisani, nitasimama mbele ya watu wote nimutaje jina. Unajua kwetu jina likishatajwa kwa neno hilo halirudi tena mudomoni. Yule mama muzee angefukuzwa kwenye kilima alikozalia watoto wake, ao angepatwa na mabaya zaidi ya hayo.

Mume wangu nilimunong'oneza mupango huo. Yeye, mwoga wa ugomvi wa wanawake, akakimbia kumuambia baba yake. Nilimukasirikia sana. Leo, huko aliko, namushukuru.

Basi asubuhi moja kabla ya siku ile ya Mungu, baba mukwe akaingia uwanjani. Alikuwa fundi wa mbao, muzee wa maneno machache, na nyumba yetu aliijenga yeye mwenyewe. Nilimupa kiti, hakuketi.

"Mutoto iko nakohoa tangu wakati gani?"

"Tangu tuanze kupiga maharagwe, Papa."

"Na mwaka uliopita?"

"Vilevile. Ilianza wakati wa maharagwe."

"Na wakati ule wa maharagwe, mama yako mukwe alikuwa wapi?"

Nikahesabu nyuma kichwani. Mama mukwe alikuwa Shasha, kwa dada yake mugonjwa, musimu muzima. Mwaka ule hakuna hata kijiko kimoja cha uji kilichotoka mukononi mwake.

"Na hawa kuku wako," akaendelea, akiwaangalia mumoja mumoja, "wanakula ule uji wiki tatu sasa. Naona wamenona."

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Kisha akaingia ndani, akainua macho juu ya dirisha, akaniuliza matundu yake yamekwenda wapi. Maana alipojenga aliacha safu ya matundu chini ya bati, hewa ipite na moshi utoke. Mimi nilipofika pale bibi arusi, baridi ya Masisi ilinishinda. Nikachukua magunia ya maharagwe, nikayajaza maganda makavu, nikayasukumia humo moja moja mpaka upepo ukakoma. Nilijisifu kweli. Mvua ikaja, yakaloa, yakaota kuvu. Panya wakazaa humo. Na kila jua liliporudi, upepo ulikuwa unapita katika magunia hayo na kumwaga vumbi lake polepole juu ya kitanda cha mutoto, kilichokuwa chini yake kabisa.

Alipanda kiti, akavuta gunia moja. Lile vumbi jeusi lilishuka na harufu ya uozo, muzee akapiga chafya mpaka kofia ikaanguka, mimi nikakohoa nikatoka nje. Akanifuata, akaliweka gunia miguuni pangu.

"Njo hii karuho yako," alisema. "Na wewe mwenyewe njo uliitundika."

Hakupandisha sauti. Ningeona afadhali angenipigia kelele.

Siku hiyo tulitoa yote, tukayachoma mbali, shambani. Tukaosha mbao kwa maji ya moto na sabuni, godoro tukalianika juani. Kwenye matundu muzee akafunga vipande vya chandarua, akaniamuru nivifungue na kuviosha kila wiki. Maharagwe tukahamia kuyapigia kwenye muteremko, chini ya nyumba, upepo upeleke vumbi bondeni, na kabla ya kumushika Neema nilivua kikwembe chenye vumbi, nikajifunga kingine safi. Siku ya tano niliweka sikio kwenye kifua chake, nikasikia pumzi tu, hakuna kingine. Nikaketi mulangoni, nikalia, nikacheka, nikalia tena. Mutoto wangu alikuwa anapumua, na sikuwa nimemutaja mutu. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili lilinipunguzia muzigo zaidi.

Kesho yake mama mukwe akaja na bakuli lake la kijani. Akaketi, akachota kijiko cha kwanza, akakitia mudomoni mwake mwenyewe, akameza nikimuona. Kisha akaniangalia, akangoja. Kumbe alikuwa anajua siku zote, kwa sababu kuku walikuwa wanakulia mbele ya dirisha lake. Nikapiga magoti.

"Mama, usionje tena. Mupe mutoto."

Akamupa. Kilichobaki nilikinywa mimi.

Sasa wewe unaniambia musichana wako mudogo anaamka na chafya tangu wakati wa jua uanze, na tangu mama mukwe wako aje kukaa kwenu. Ulipomutaja huyo mama sauti yako ilibadilika, niliisikia. Nyumba yenu ina ile mashine ya baridi inayopuliza hewa kwa mabomba ya darini. Nani ameshawahi kuyafungua? Ita fundi atoe vifuniko, asafishe mabomba mpaka ndani. Chujio lioshe, likauke kabisa kabla ya kulirudisha, na ufanye hivyo kila wakati wa jua unapokaribia, usingoje chafya. Kama kuna pahali bati linavuja, paziba, maana ubichi unazaa kuvu. Kifua cha mutoto kikilia, mupeleke kwa daktari siku hiyohiyo, usikae kunisikiliza mimi tu. Na kabla hujamuangalia mama mukwe wako, angalia juu.

Mungu akupelekee hewa safi ya vilima vyetu mpaka huko Goma. Musichana wako alale kifua kimetulia, na mama yeyote atakayeingia kwako na bakuli mukononi asilazimike kuonja kwanza.