Kipenga cha Mteremko wa Magogo

Pale kwenye hifadhi ya msitu kila mtu alimwita Mama Rangi, naye hakuwahi kununa, maana hata gauni lake la kwendea harusini lilikuwa na doa la njano mahali fulani. Kazi yake ilikuwa kupaka alama kwenye miti kando ya njia za wageni. Mtu wa mjini aliyekuja kupumzisha akili huona doa la njano, hulifuata, akilifikia huona lingine mbele. Na kila mti wa alama hupakwa pande mbili: upande wa anayekwenda na upande wa anayerudi. Unapanda ukipaka upande mmoja, unashuka ukipaka wa pili. Hata mtoto hahitaji kuelezwa sababu.

Basi Mama Rangi, mtu mzima na akili zake, siku ile alipaka upande mmoja tu.

Bosi alikuwa amemkimbiza tangu asubuhi. Wageni walikuwa njiani na mahema yao, na njia mpya ya kilimani ilitakiwa iwe tayari. Alipofika juu, rangi iliisha kwenye kopo, ukungu ukaanza kushuka, na askari wa msitu akapita na gari kwenye barabara ya upande wa pili. "Panda twende, mama, utalowa bure," alimwambia. Akapanda. Upande wa kurudi angeumalizia kesho. Nani angepita leo na ukungu huu? Ndivyo alivyojisemea, na tumeonywa toka zamani kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Aliishi na baba yake katika nyumba za wafanyakazi, karibu na lango. Mzee huyo waliomjua walimwita Kipenga. Kabla wageni hawajaanza kuja kuvuta makasia bwawani na kupiga picha za uyoga, msitu huu ulikuwa wa kiwanda cha mbao. Miti ilikatwa juu kilimani, na magogo yakaachiwa yateremke kwenye mfereji mkubwa uliochimbwa wima mpaka bwawani, ambako msumeno ulikuwa ukiyasubiri. Kazi ya mzee ilikuwa kusimama kwenye jiwe moja ukingoni mwa mfereji na kupuliza kipenga kabla gogo halijaachiwa. Akipuliza, kila mtu husimama pale alipo, hata kama mguu uko hewani. Aliwahi kutokea mmoja ambaye hakusimama, na kilichobaki kilibebwa kwenye gunia.

Miti ilipokaribia kwisha kiwanda kilifungwa, serikali ikapanda mingine, miaka ikapita, msitu ukarudi. Mfereji ulibaki pale pale, umefunikwa na majani, na waya uliouzunguka ulikuwa umelala chini siku nyingi. Mzee naye alibaki na kipenga chake shingoni. Watoto wa wageni wakimwomba wakipulize, alikataa kabisa. "Hiki si cha kuitia watu," alikuwa akisema. "Hiki ni cha kuwasimamisha." Siku za karibuni alikuwa amesahau mengi, pengine hata jina la bintiye, lakini hilo hakulisahau.

Mama Rangi alipofika nyumbani alikuta mlango wazi, redio inaongea peke yake, na kiti cha mzee kitupu. Alikimbilia kwa mkata tiketi pale langoni.

"Baba umemwona?"

"Si kapita hapa muda mrefu tu na fimbo yake. Kasema anawahi kazini." Mkata tiketi alicheka kidogo. "Nikamwambia, mzee, fuata alama za njano, mwanao kazipaka leo leo. Huwezi kupotea."

"Mwite askari, mwambie njia mpya!" Mama Rangi alisema, na tayari alikuwa anakimbia.

Kwenye mti wa kwanza doa la njano lilikuwa limevurugwa. Rangi ilikuwa mbichi mzee alipopita, naye alikuwa ameiwekea kiganja. Mti wa pili vile vile. Macho yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo alikwenda kwa kupapasa, doa baada ya doa. Mama Rangi alipata nafuu kidogo. Alikuwa akiita, "Baba! Baba ee!", na ukungu ukimeza sauti kama unavyomeza kila kitu.

Kisha alifika kwenye mti ambao doa lake lilikuwa zima. Hakuna aliyeligusa. Mzee alikuwa amegeuka kurudi kabla ya kufika hapa.

Aligeuka na yeye, polepole, akatazama kule alikotoka. Hakukuwa na njia. Kulikuwa na vigogo vya kijivu tu, kimoja kama kingine, vyote vitupu upande huu. Ndipo alipoelewa kwa mwili mzima alichokifanya. Akajishika kinywa asipige yowe.

Kwenye kigogo kimoja pembeni, mbali na njia, aliona kiganja cha njano. Mbele kidogo kingine. Mzee alikuwa amepapasa mti baada ya mti akitafuta upande uliopakwa, na rangi ya mkononi mwake ndiyo ilikuwa ikiacha alama. Akazifuata. Vidole vitano, halafu vitatu, halafu mkwaruzo. Rangi ilikuwa ikiisha, na ardhi ilikuwa ikielekea mfereji. "Mungu wangu, si huko," alinong'ona. "Baba, si huko." Mkwaruzo wa mwisho ulikuwa hafifu hata akaugusa ili aamini. Baada ya huo, hakuna. Alichanganyikiwa, akakimbia tu mbele, akivunja matawi, akilia waziwazi.

Kipenga kililia.

Miguu yake ilisimama kabla yeye hajafikiri. Alikuwa amelelewa na sauti ile. Alipotazama chini aliona majani, na katikati ya majani weusi usio na mwisho. Hatua moja tu ingemtosha.

Mzee alikuwa amesimama kwenye jiwe lake la zamani, hatua chache pembeni, mkono umenyooka mbele.

"We mama, una wazimu? Kipenga kikilia, simama!"

"Nimesimama, baba."

"Mimi si baba yako. Mwanangu yuko nyumbani, bado mdogo, ananisubiri." Akautazama msitu. "Nilikuja na njia, ilikuwepo. Nimegeuka, haipo. Nimeangalia kila mti. Nani kaiondoa?"

Mama Rangi alizunguka, akamfikia, akamshika kile kiganja. Rangi ilikuwa imekauka kwenye mikunjo yake yote.

"Twende nikupeleke kwa mwanao," alisema.

Walishuka taratibu, mzee kamshika bega. Na kila walipofika kwenye mti wa alama alisimama, akapapasa ule upande mtupu, akamgeukia na kumwuliza tena, "Nani kaiondoa, mama?"