Mafua Niliyoingia Nayo Msituni

Niliondoka Bwera kwa sababu ya jicho moja. Mama yangu, anayelima kahawa huko Kyondo, alikuwa ameshapoteza jicho la kushoto, na daktari wa macho wa Kasese alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba la kulia nalo linafuata. Nikamuuliza angependa kuona nini kabla ya giza. Nilidhani atasema Makka. Akasema anataka kumwona sokwe.

Alipokuwa msichana alikuwa akilinda mahindi ya mjomba wake pembezoni mwa msitu. Siku moja sokwe alitoka, akaketi, akamenya hindi huku akimtazama usoni, wala mama hakupiga kelele. Aliposimulia nyumbani walimcheka, na kicheko kile bado kinamkera mpaka uzeeni.

"Nataka nimuone tena," aliniambia, "nijue haikukuwa ndoto."

Nikatafuta vibali viwili vya kuwaona sokwe hifadhini. Vibali hivyo vina tarehe yake. Siku ikipita, vimepita. Siku mbili kabla ya safari nikashikwa na mafua ya kutiririka. Sheria ya msitu niliijua vizuri: mwenye mafua au kikohozi haendi kwa sokwe, maana ugonjwa unaotusumbua sisi siku tatu, wao unaweza kuwaua. Niliijua, narudia. Nikanywa tangawizi na malimau, nikameza vidonge, nikanyamaza.

Saa moja asubuhi tulitoka Bwera kwa pikapu yangu, ile ninayobebea bidhaa kutoka mpakani. Mama, aliyelala kwangu usiku ule, alikuwa amevaa kitenge chake cha zamani, mapajani ana bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki wa kutoka Katunguru. Alitaka kioo kiwe wazi.

"Vumbi, mama," nikamwambia.

"Acha wazi. Nitafunga nikisha kuwa kipofu."

Kasese tulipita saa mbili na robo. Milima ilikuwa imejitokeza yote, jambo la nadra, na mama aliitazama hadi shingo ikamuuma. Mbele zaidi, tulipoacha barabara kuu, tukakuta barabara ya msituni inatengenezwa. Malori ya mawe yalikuwa yanatangulia na kutimua vumbi jekundu. Mtu mwenye akili angesimama dakika kumi chini ya mti, lori liende zake. Mimi nikaliganda nyuma, napiga honi, namtukana dereva asiyenisikia. Nilipokumbuka kugeuka, mama alikuwa amejifunika kitenge usoni, anakohoa, na maji yetu yalikuwa yamekwisha.

Saa sita tulifika getini. Tulipangwa mstari pamoja na Wazungu wawili, mume na mkewe. Askari wa hifadhi, mwanamke wa makamo mwenye buti kubwa, akapita mbele yetu.

"Nani iko na mafua? Nani iko na kikohozi? Nani tumbo inaharisha? Sema sasa!"

"Hakuna," nikasema mimi, tena kwa sauti. Papo hapo mama akakohoa.

"Wewe mama, toka kwa mustari. Kaa kando."

"Iko vumbi tu, mutoto yangu," mama akasema. "Haiko ugonjwa."

"Sheria ni sheria, mama. Hapana ingia."

Mori ukanipanda. Nikamwambia, "Afande, huyu anapanda mlima kila siku na kikapu cha kahawa mgongoni! Mpe maji, msubiri robo saa tu!"

"Mzee, usinipigie kelele. Wewe unaenda ama unabaki?"

Askari aliona bibi kizee wa kitenge kilichopauka, akasikia kikohozi kimoja, basi, ameshahukumu. Mimi mwenye shati la pasi hakunitazama mara mbili. Palepale ningeweza kusema kweli, angalau tubaki sote wawili nje kwa haki. Hasira zilinisahaulisha kwamba mwenye kosa ni mimi. Mama akanishika mkono.

"Weye nenda. Uniangalilie uso yake."

Saa sita na nusu tukaingia. Kiongozi wetu aliitwa Baluku, mwanamume mwembamba asiye na maneno mengi. Juu yetu hondohondo walipita, mabawa yao yakisikika kama mtu anayepepeta kahawa kwa ungo. Mbega weusi wenye mikia myeupe waliruka matawi kwa matawi. Wale Wazungu walitaja jina la kila ndege na kuandika daftarini, na kila walipocheka nilizidi kufura. Uzuri wote ule ulinichoma. Mwenye kuuhitaji alikuwa ameketi getini.

Baada ya mwendo wa saa nzima sokwe walipiga mayowe mbele yetu, kushoto, kulia. Baluku akatusimamisha. Jike moja lilishuka kutoka kwenye mkuyu, mtoto kamng'ang'ania kifuani, likaketi na kutugeuzia mgongo. Geuka, nikaomba moyoni. Geuka nimpelekee mama uso wako.

Likaanza kugeuka. Pua ikaniwasha. Nikaibana, nikauma kola ya shati, nikamtaja Mungu, na chafya ikatoka yote nzima nzima.

Baluku akanijia. "Weye uko na mafua?"

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Alinishika bega, akanirudisha nyuma mpaka kwenye gogo la mbali, akaniacha pale na mwenzake mmoja kama mwizi anayelindwa. Kutoka pale niliona mkono tu, mweusi, umekunjamana, umemkumbatia mtoto.

Saa kumi na moja nilimkuta mama getini. Kikohozi kilikuwa kimekwisha zamani. Kando yake palikuwa na kikombe cha maji, na aliyempa ni yuleyule askari.

"Uso yake iko aje?" akaniuliza.

"Alinitazama, mama. Ana macho ya..."

Akanigeuzia lile jicho lake moja, akangoja. Njia ya mwongo ni fupi. Nikamweleza yote: mafua, vidonge, chafya, mkono.

"Mimi iko muzima, nimekaa inje," akasema polepole. "Weye iko mugonjwa, umeingia ndani. Na ile iko na mutoto."

Tulipofika Bwera alishuka mwenyewe, hakutaka nimshike mkono.

Jicho lile lilifungika kabla mvua hazijaisha. Yule askari bado ananikera, sitasema uongo tena; angeniuliza mimi swali moja tu akinitazama usoni, ningekiri. Lakini wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao, na janga hili nililichuma mwenyewe, nikamlisha mama, na pengine nikawalisha hata wale sokwe wasionijua.

Kila Ijumaa baada ya swala nampigia simu Baluku kumuuliza hali ya sokwe. Naweka sauti kubwa ili mama asikie kutoka mkekani.

"Wazima wote," Baluku anasema.

"Na ile ya mutoto?" mama anauliza.

"Mzima, mama."

Mama amegeuzia ukuta uso wake.

"Uliza tena," ananiambia.