Kompyuta Iliyouliza Mot de Passe

Afadhali ningemkatalia Papa Kambale, mwenye duka kutoka Butembo, aliponishauri niifunge kompyuta yangu kwa neno la siri ili watu wasiichezee. Nilikubali. Ilikuwa miaka ya vita, nami nilikuwa nimeazimia kuionyesha chuoni kwetu Masisi, ili wazazi wenye mashaka waruhusu darasa la kompyuta, nami nilifundishe. Jenereta nilikuwa nimeileta kwa pikipiki kutoka Kashebere.

Ukumbi ulijaa. Niliiwasha, na kwenye kioo pakatokea maneno ya Kifaransa yanayodai neno la siri: MOT DE PASSE.

Mama Vumilia, aliyezoea kuulizwa neno hilo na wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani, akasimama. “Papa Mwalimu, ile neno njo basoda banatuulizaka ku barrière! Hii mashini iko ya nani?”

Sikuwa tayari kushindwa. “Mama, usiogope. Iko sawa na barrière tu. Ukikosa neno, hautapita.”

“Na nikikosa, itanifanya nini?”

“Inakufunga palepale!” nikajibu kwa fahari.

Viti vilianguka. Wote walikimbilia mlangoni, Papa Kambale akiwa mbele yao. Wazazi walikataa darasa lile, na mimi sikufundisha kompyuta hata siku moja maishani mwangu.